Rivyu yangu ya vikao vya chuo: miaka miwili nimekaa ndani kama mwakilishi wa wanafunzi

Wakuu habari zenu. Watu wakiandika rivyu ya chuo wanaandika hosteli, wifi, foleni ya usajili, chakula cha kafteria, sawa na mimi hizo zote zimenigusa, ila nimeona hakuna anayeandika ile huduma ambayo kiukweli ndo iliamua nimalize chuo kwa wakati au nisimalize, nayo ni vikao. Yaani kikao cha idara, bodi ya kitivo, kamati za seneti, seneti yenyewe ambayo ndo kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Hao ndo wanaamua kozi yako iwepo au ife, iitweje, uwe na masomo gani, nani akufundishe. Ada unayolipa na mkopo unaokatwa baadaye mpaka uzeeke unalipia maamuzi ya hivyo vikao. Chuo sitakitaja, sitaki kumuumiza mtu, na waliokuwepo watajijua.

Mimi nilikuwa CR, yaani kiongozi wa darasa, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili nikachaguliwa kuwakilisha wanafunzi kwenye bodi ya kitivo na hapohapo nikawa naibu waziri wa elimu kwenye serikali ya wanafunzi. Nilikuwa nasoma Hisabati na Takwimu. Na mwaka huohuo ndo chuo kikaamua kubadilisha kozi yetu iwe Sayansi ya Data, maana kipindi hicho vyuo vya umma karibu vyote vilikuwa vinapitia mitaala upya, kuna ule mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu Tanzania, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 2021 na mapitio ya mitaala ni sehemu yake kubwa, kwahiyo kila idara ilikuwa mbiombio na rasimu mkononi.

Nianze na idara maana hapo ndo palinifurahisha, natoa nyota tano bila kusita. Kabla ya kuandika chochote walifanya kazi ya kuwafuata wahitimu wa miaka ya nyuma mmojammoja kuwauliza mko wapi, mnafanya nini, somo gani lilikusaidia na lipi hujawahi kuligusa tena. Mimi na wenzangu wawili tulipewa kazi ya kupiga simu, tulipiga simu wiki mbili. Kuna kaka mmoja alituambia anafanya kazi benki na kila siku anafungua Excel tu, kila anachokijua cha kuandika programu alijifundisha mwenyewe usiku, akasema tuwaambie walimu wasiwaache wadogo zake wapate tabu ileile. Alafu wakaita kikao cha wadau, wakaja watu wa benki, kampuni za simu, watu wa takwimu za serikali, wakakaa siku nzima. Mi sikuwahi kujua kwamba mtaala unaanzia huko, nilikuwa nadhani mwalimu anakaa ofisini kwake anaamua.

Na mabishano yalikuwepo ya maana. Kuna profesa wetu mmoja mzee, anakaribia kustaafu, alisimama akakataa somo la nadharia ya sampuli liondolewe, yaani lile la kupima watu wachache ili ukadirie wote. Akasema nchi hii imetoka kuhesabu watu milioni 61 na ushee kwenye sensa ya 2022, kati ya sensa na sensa ni miaka kumi, hapo katikati tunaishi kwa sampuli, mkitoa hilo somo mtazalisha vijana wanaojua kubonyeza na hawajui wamebonyeza nini. Vijana wa idara wakamjibu kwa heshima kabisa kwamba Prof, shikamoo, tunakubaliana na wewe ila krediti ni 360 kwa miaka mitatu, kila tunachoongeza lazima kitu kitoke. Nadhani hapo ndo nilielewa ugumu wa hii kazi. Krediti moja ni masaa kumi ya mwanafunzi, ukitia masomo mengi unamuua mtoto wa watu, ukitoa unamtoa mtupu. Walipatana sampuli iunganishwe na somo lingine, na profesa akasema iandikwe kwamba hakuridhika, ikaandikwa. Nilimheshimu sana siku ile.

Sasa bodi ya kitivo. Hapa nyota tatu na nitaeleza kwanini.

Kikao saa 3 asubuhi, kabrasha linatumwa kwenye imeli jana yake saa 12 jioni, kurasa mia mbili na kitu. Mi nilikuwa na mtihani wa majaribio asubuhi yake pia. Nilisoma mpaka saa 8 usiku nikaishia kurasa tisini na bado sehemu ya kozi yetu ilikuwa mbele huko. Nikafika kikaoni nikadhani mimi tu ndo sijasoma, kumbe unaona kabisa watu wanafunua kurasa palepale. Hili jambo linaniuma mpaka leo. Maamuzi ya watoto mia na hamsini kila mwaka kwa miaka mitano ijayo yanapitishwa na watu waliopata usiku mmoja wa kusoma, na hao walimu wenyewe wana vipindi na mitihani ya kusahihisha, siwalaumu wao. Kama kabrasha lingetumwa wiki moja kabla, maswali mengi yaliyokuja kutuumiza yangeulizwa pale. Kwahiyo kama kuna msajili au karani wa vikao anasoma hapa, naomba kitu kimoja tu, siku saba.

Lugha. Kikao ni Kiingereza mwanzo mwisho, sawa ndo lugha ya kufundishia, ila nimeona kwa macho yangu watu wanabana maoni yao kwenye meza, alafu kwenye chai na sambusa wanasema kwa Kiswahili kitu kizuri kuliko vyote vilivyosemwa kikaoni. Chai haina muhtasari, yaani hakuna anayeandika kilichosemwa. Mara mbili nilimfuata mwalimu baada ya chai nikamwomba alirudie lile ndani, mara moja alilirudia na liliingia.

Kuna sehemu mwanafunzi anatolewa nje, ni pale wanapojadili matokeo ya mtihani na majina ya watu. Wapo wenzangu walikuwa wanalalamika tunaonewa, mi naona ni sahihi kabisa, sitaki mwanafunzi mwenzangu ajue nimekula sapu, yaani mtihani wa marudio, kabla mimi mwenyewe sijaona. Ila sikukubali pale tulipotolewa wakati wa kujadili walimu wangapi wapo wa kufundisha mtaala mpya. Hilo ni letu. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa adabu kanuni inasemaje, amidi, yaani mkuu wa kitivo, akaifungua kanuni, akasoma, akasema mwanafunzi abaki. Nampa heshima yake yule mama, angeweza kunikaripia tu na ningetoka.

Na hapa naomba nitoke nje kidogo ya mada maana vijana wengi hawajui hicho kiti cha mwanafunzi kwenye vikao kimetoka wapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kitivo kimoja tu, Sheria, wanafunzi hawafiki ishirini, kwenye jengo la chama tawala cha TANU mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London, kwahiyo mitihani na shahada vilikuwa vya London. 1963 ikaja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Julai 1970 ndo kikawa chuo kamili kinachojitegemea. Makamu mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, alitoka kwenye utendaji wa chama, TANU. Mwaka uliofuata, Julai 1971, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, akaandika barua ya wazi kwa uongozi kulalamikia namna chuo kinavyoendeshwa, maamuzi yanatoka juu wanafunzi na walimu hawasikilizwi. Akafukuzwa, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaja kumtoa chuoni, wanafunzi wakagoma na walimu wengi wakasimama nao. Watu walilipa gharama kwa ajili ya kile kiti. Kwahiyo wewe unayechaguliwa alafu huendi kikaoni kwa sababu posho ni ndogo, aisee, fikiria.

Na hata somo la DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) ambalo kila mtu anasoma mwaka wa kwanza analalamika, nalo ni mtoto wa mabishano ya vikao. Baada ya Azimio la Arusha, Machi 1967, pale Mlimani, chuo hichohicho cha Dar, walikaa mkutano kujadili chuo kiweje kwenye nchi ya kijamaa, wengine wakataka wanafunzi wote wa fani zote wasome somo moja la pamoja kuhusu jamii na maendeleo, wengine wakaona taaluma inaingiliwa na siasa, wakabishana miaka kadhaa, enzi hizo kina Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, wanafundisha pale. Mpaka 1973 ikaundwa taasisi kabisa ya kufundisha hilo somo. Unaweza kulipenda au kulichukia, lakini watu walibishana mchana kweupe na kila upande unajulikana ulisema nini. Mi ndo ninachokitaka kwenye kozi yangu, hicho tu.

Turudi. Bodi ilipitisha, ikaenda kamati ya seneti, ikaenda Seneti. Seneti niliingia kwa sababu waziri wangu wa elimu alikuwa mgonjwa, na kanuni yetu inaruhusu naibu. Ajenda zilikuwa nyingi mno, ya kwetu niliitazama na saa, dakika sita. Dakika sita kozi nzima. Mwanzoni nilikasirika sana, baadaye nikaelewa kwamba Seneti haiwezi kurudia kazi ya kamati, ikianza kuhesabu krediti moja moja haitamaliza mpaka mwaka unaofuata, kazi yake ni kuangalia kilichosahaulika. Na kweli, ndani ya zile dakika sita kuna mwalimu mmoja wa sheria, wala si wa kitivo chetu, akauliza swali moja ambalo bodi nzima hatukuliuliza, hata mimi mwenye darasa langu sikuliuliza, na hilo najilaumu. Akasema, wale ambao wapo katikati ya mtaala wa zamani itakuwaje? Mkuu wa idara akajibu watamalizia na mtaala wa zamani, masomo yao yote yatafundishwa mpaka wa mwisho atoke. Mwenyekiti akasema iandikwe kwenye muhtasari kama agizo. Ikaandikwa. Seneti nawapa nyota nne kwa lile swali peke yake.

TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, sitawasemea sana maana mimi nilikutana nao kwa karatasi tu. Najua kwamba tangu sheria ya vyuo vikuu ya 2005 hakuna kozi inayoruhusiwa kudahili bila wao kuipa ithibati, na hilo ni jema, wale waliokuwepo 2017 mnakumbuka walipozuia vyuo 19 kudahili mwaka wa kwanza, watu walilia, ila bora ulie kabla hujalipa ada. Nachosema tu ni kwamba maamuzi yakitoka juu yakaruka vikao vya chini, anayeumia ni mwanafunzi. Mei 2016 Chuo Kikuu cha Dodoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa ile stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitakiwa waondoke chuoni ndani ya saa 24. Programu ile ilianzishwa kwa agizo la serikali kuziba pengo la walimu wa sayansi, walimu wa chuo wakagoma kuwafundisha kwa sababu ya malipo, mwisho watoto wakabeba mabegi usiku. Ndugu yangu wa karibu alikuwa mmojawapo, alilala stendi.

Sasa huduma baada ya maamuzi, yaani utekelezaji. Hapa nyota moja, na hiyo moja nampa mtu mmoja tu nitamsema.

Oktoba tunarudi mwaka wa tatu, mtaala mpya umeanza na mwaka wa kwanza, safi. Nafungua mfumo nisajili masomo, nadharia ya sampuli haipo. Nikadhani mtandao. Nikamuuliza mwenzangu, haipo. Darasa zima, watu 38, haipo. Kumbe walipopakia mtaala mpya kwenye mfumo walifuta kodi zote za zamani, yaani namba za masomo. Tukaenda idarani, tukaambiwa chukueni lile somo la kufundisha mashine kujifunza kutoka mtaala mpya, krediti zinalingana. Zinalingana ndio, ila lile somo linataka uwe umesoma kuandika programu mihula miwili na sisi hatujawahi. Usipolichukua unabaki na krediti 348, unakosa 12, huhitimu. Ukilichukua ukafeli unakeri, yaani unalibeba somo mpaka mwaka wa nne, na mwaka wa nne bodi ya mikopo hawakujui, mkopo wao ni wa miaka ya kozi, kwahiyo bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) hakuna, chumba hakuna. Kuna dada darasani kwetu ana mtoto mdogo, alikaa kwenye ngazi za idara akasema mi siwezi mwaka mwingine, siwezi, bora niache. Hiyo ndo picha ninayoikumbuka mtu akiniambia vikao vya chuo ni porojo.

Tukazungushwa wiki tatu. Idara inasema ni mfumo, watu wa mfumo wanasema ni ofisi ya taaluma, taaluma wanasema leteni barua ya idara. Sikutukanwa na mtu, kila ofisi wananisikiliza vizuri wanasema pole, alafu hakuna anayesema mimi ndo mwenye hili. Mpaka nikakumbuka lile swali la seneti.

Nikaenda kwa karani wa vikao, mama mmoja mtaratibu sana, ofisi yake ndogo imejaa mafaili mpaka dirishani. Nikamwambia mama shikamoo, nataka muhtasari wa seneti ya Machi, akaniuliza namba ya ajenda, sijui. Akaniambia kaa. Akatafuta mwenyewe kama nusu saa, akaupata, akanionyesha kwa kidole, hapa mwanangu. Agizo lipo neno kwa neno, kwamba masomo yote ya mtaala wa zamani yaendelee kufundishwa mpaka mwanafunzi wa mwisho ahitimu, mtekelezaji mkuu wa idara. Akanipa nakala kwa utaratibu, nikasaini kitabu. Nyota ile moja ni yake, na kama ingewezekana ningempa na zingine.

Nilivyopeleka ile karatasi kwa amidi mambo yalichukua siku mbili. Wiki tatu dhidi ya siku mbili. Kodi ikarudishwa kwenye mfumo, na aliyekuja kufundisha ni yule profesa mzee aliyekataa somo liondolewe. Aliingia darasani wiki ya tano ya muhula, akatuambia tumechelewa kwahiyo Jumamosi ni yetu, na Jumamosi zote alikuja saa 2 asubuhi kabla yetu. Wote 38 tulifaulu, wawili kwa sapu.

Watu wataniuliza sasa je mtaala mpya ulikuwa uamuzi mbaya? Hapana, mi naamini ulikuwa uamuzi mzuri, nilipiga zile simu, nilisikia wahitimu wanavyoteseka. Nilivyotafuta kazi mwenyewe nimeona. Ila na hapo kuna jambo dogo wameliacha, jina la kozi. Ukiomba kazi za serikali kwenye mfumo wa ajira tangazo linataja majina ya shahada, ukikuta wameandika takwimu au fani inayolingana unaanza kuhangaika kuelezea shahada ya Sayansi ya Data inalinganaje. Wadogo zetu wa mtaala mpya watakutana na hilo, ni la kushughulikia kuanzia sasa kabla hawajahitimu, chuo kiandike barua sasa hivi wasisubiri mtoto akataliwe ndo aje alie getini. Nimewaandikia idara, wamejibu wamelipokea, nafuatilia.

Kwahiyo jumla nawapa tatu kwa tano, na ningeweza kuwapa nne kama kabrasha lingekuja mapema na kama mtu mmoja angepewa kazi ya kuhakikisha kilichoandikwa kwenye muhtasari kinafika kwenye mfumo, maana kwenye kila kikao kuna ajenda ya yatokanayo, yaani kuuliza maagizo ya kikao kilichopita yamefikia wapi, ipo pale juu kabisa, namba tatu au nne, na nimeona mara nyingi inapitwa kwa sentensi moja, imetekelezwa, imetekelezwa, inaendelea, twende mbele. Hilo agizo letu lilisomwa kwenye kikao kilichofuata na jibu lilikuwa imetekelezwa. Ilikuwa bado miezi mitatu tufungue mfumo tukute haipo.

Kwa wewe unayechagua chuo mwaka huu, ukishaona kozi kwenye kitabu cha udahili, piga simu idarani uliza mtaala ulipitiwa lini na utapitiwa tena lini, kama jibu ni mwakani basi jua utakuwa katikati kama sisi. Na ukifika mtafute mwakilishi wenu kwenye bodi mjue kwa jina, mtumie maswali kabla ya kikao. Mi wiki iliyopita kanipigia mdogo mmoja wa mwaka wa pili, idara ileile, anasema kaka wanataka kuunganisha idara yetu na nyingine, kikao Alhamisi, niulize nini. Nikamwambia ajenda ikifika kwenu, kabla hawajapitisha, nyoosha mkono uliza waliopo katikati itakuwaje, na ukijibiwa omba iandikwe na jina la mtekelezaji. Alhamisi usiku akanitumia picha ya daftari lake, ameandika mpaka saa iliposemwa.